Ukiwa na mgogoro Uswidi: tingsrätt, förvaltningsrätt, Kronofogden au barazani?

Mtu anayeishi Uswidi akinyimwa posho na serikali, au mwenye nyumba akikataa kumrudishia amana, huwauliza wenzake aende mahakama gani. Majibu hayafanani, na kila anayejibu anasema kweli kwa kesi yake. Mmoja alipinga uamuzi bila kulipa hata krona moja. Mwingine alishindwa akabebeshwa gharama za wakili wa upande wa pili. Wote walikwenda mahakamani, ila mahakama zenyewe si za aina moja.

Uswidi ina matawi mawili ya mahakama, na hakuna lililo chini ya jingine. Tawi la kwanza ni mahakama za kawaida: tingsrätt 48 ngazi ya chini, hovrätt 6 za rufaa, na juu yake Högsta domstolen, iliyoanzishwa na Mfalme Gustav III mwaka 1789. Tawi la pili ni mahakama za utawala: förvaltningsrätt 12, kammarrätt 4, kisha Högsta förvaltningsdomstolen. Chanzo cha mgawanyiko huu ni cha zamani. Hovrätt ya kwanza, ile ya Svea mjini Stockholm, ilianza 1614 kusikiliza rufaa za watu wanaogombana wao kwa wao na za wahalifu. Malalamiko dhidi ya maofisa wa dola yalipita njia nyingine, yakapanda hadi kwa mfalme na serikali yake. Mwaka 1909 yakapewa mahakama yake ya juu, na ndiyo hiyo iliyobadilishwa jina 2011 kuwa Högsta förvaltningsdomstolen.

Aliyetoka Tanzania au Kenya hushangaa kidogo, maana kule anayetaka majaji waupitie uamuzi wa serikali huenda Mahakama Kuu ileile inayosikiliza mashauri mengine. Mkongomani hashangai: nchi yake ina Conseil d'État ya mashauri ya utawala kando ya Cour de cassation ya mashauri ya kawaida, mpangilio wa ukoo uleule.

Pembeni ya matawi hayo kuna ofisi na mabaraza ambayo si mahakama lakini hutatua migogoro mingi ya watu wa kawaida. Makala hii inalinganisha milango minne: tingsrätt, förvaltningsrätt, Kronofogden, na mabaraza mawili, la wapangaji na la walaji.

Vigezo

Cha kwanza ni unagombana na nani na unataka nini kwake. Wengi huanza kwa kuuliza kama ushahidi wao una nguvu, lakini ushahidi mzuri uliopelekwa mlango usio wake haumsaidii mtu. Cha pili ni gharama, na hapa nasisitiza: ada ya kufungua kesi ni fedha ndogo. Hesabu kubwa ni utakacholipa ukishindwa. Cha tatu ni nani anaamua na kwa njia gani, kwa maandishi au kwa kusikilizwa ana kwa ana. Cha nne ni nguvu ya uamuzi: unaweza kukazwa kwa lazima, au ni pendekezo tu? Na rufaa inakwenda wapi?

Mlango wa kwanza: tingsrätt

*Unagombana na nani.* Mtu binafsi, kampuni, mwajiri, mwenzi wa ndoa. Au dola inapokushtaki kwa jinai. Mahakama hii inabeba mambo mapana mno. Inaamua deni la krona elfu tano la simu iliyouzwa mbovu, na ni tingsrätt ya Stockholm iliyomhukumu Stanislas Mbanenande kifungo cha maisha mwaka 2013 kwa kushiriki mauaji ya kimbari ya Rwanda.

*Gharama.* Madai ya fedha yamegawanywa mafungu mawili, na mpaka wake unafaa kuujua kwa moyo: nusu ya kiasi cha msingi kinachoitwa prisbasbelopp, ambacho hupangwa upya kila mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa krona 58,800, kwa hiyo mpaka ulikuwa krona 29,400. Chini ya hapo kesi ni ndogo, ada yake iliwekwa kuwa krona 900 mwaka 2014, na anayeshindwa halipi gharama zote za wakili wa mwenzake. Analipa ada, nauli, mashahidi, na saa moja tu ya ushauri wa kisheria. Sheria imefanya hivyo makusudi ili mtu wa kawaida aweze kusimama mwenyewe bila wakili. Juu ya mpaka huo ada iliwekwa kuwa krona 2,800 mwaka huohuo, na kanuni inageuka: anayeshindwa hulipa gharama zake na za mshindi, mawakili wote wawili. Deni la krona elfu arobaini linaweza kuzaa gharama kubwa kuliko deni lenyewe. Kesi za malezi ya watoto ziko tofauti, kwa kawaida kila mzazi hubeba gharama zake.

Kabla ya kuvuka mpaka huo, soma bima yako ya nyumba. Nyingi zina kifungu kinachoitwa rättsskydd, kinacholipa sehemu kubwa ya wakili wako na pia gharama za upande wa pili ukishindwa. Msaada wa kisheria wa serikali, rättshjälp, hauzilipi hizo za upande wa pili, na wengi hulijua hilo hukumu ikishatoka. Kwa kesi ndogo, kwa kawaida bima haiingii kabisa.

*Nani anaamua na kwa njia gani.* Katika jinai hukaa hakimu mmoja msomi na raia watatu wanaoitwa nämndemän. Hawa huteuliwa na baraza la wilaya kwa miaka minne, na majina yao hupendekezwa na vyama vya siasa. Aliyezoea wazee wa baraza wa Mahakama ya Mwanzo atawaelewa haraka. Kila mmoja ana kura yake sawa na ya hakimu. Kura zikigawanyika nusu kwa nusu, mshtakiwa hupata uamuzi ulio mwepesi zaidi kwake. Binafsi napenda raia kuketi pale, ila kuwapitisha mikononi mwa vyama naona ni udhaifu, na Waswidi wenyewe wanalibishania jambo hilo. Kesi ndogo ya madai huamuliwa na hakimu mmoja. Pande zote huitwa, huzungumza, na hakimu hujaribu kwanza kuwapatanisha. Kesi nyingi za fedha huishia hapo mezani.

*Nguvu ya uamuzi.* Hukumu inakazwa. Rufaa huenda hovrätt ndani ya wiki tatu, lakini katika madai lazima kwanza upewe kibali ndipo isikilizwe. Högsta domstolen huchukua kesi chache, zile zitakazoelekeza mahakama nyingine.

*Anayefaa zaidi.* Mwenye madai ambayo upande wa pili unayakana, mwenye ushahidi unaoshikika, na aliyekwisha kupima akishindwa itamgharimu nini.

Mlango wa pili: förvaltningsrätt

*Unagombana na nani.* Ofisi ya umma: Försäkringskassan (bima ya jamii), Skatteverket (kodi), Migrationsverket (uhamiaji), ustawi wa jamii wa wilaya yako. Hupeleki hapa madai mapya. Unapinga uamuzi uliokwisha kuandikwa. Bila karatasi ya uamuzi, mlango huu haufunguki.

*Gharama.* Hakuna ada. Ukishindwa hulipi gharama za serikali, na ukishinda kwa kawaida hurudishiwi za wakili wako. Wengi huandika wenyewe. Katika kesi za hifadhi zinazoweza kuishia na kufukuzwa nchini, dola humlipia mtu wakili, offentligt biträde. Kwa kibali cha kazi au uraia kwa kawaida hakuna msaada huo.

*Nani anaamua na kwa njia gani.* Mara nyingi hakimu mmoja na nämndemän watatu, lakini karibu kila kitu huenda kwa maandishi. Ukitaka kusikilizwa kwa mdomo, omba na ueleze kwa nini. Hapa mahakama yenyewe ina wajibu wa kuhakikisha shauri limechunguzwa vya kutosha, wakati kwenye madai ya tingsrätt usichokileta hakitafutwi na mtu. Kwa mtu aliye peke yake mbele ya ofisi kubwa, wajibu huo ni msaada wa kweli.

Kesi za uhamiaji zinasikilizwa na mahakama nne tu kati ya zile 12: Stockholm, Göteborg, Malmö na Luleå. Tatu za kwanza zilianza kazi hiyo mwaka 2006, badala ya bodi iliyokuwapo, Luleå ikafuata baadaye, na rufaa zao huishia kammarrätt ya Stockholm.

*Nguvu ya uamuzi.* Mahakama inaweza kufuta uamuzi, kuubadilisha, au kuurudisha ofisini ukaamuliwe upya. Ngazi inayofuata ni kammarrätt, na huko pia katika mashauri mengi unahitaji kibali.

Mlango huu watu hawaukosi kwa hoja, wanaukosa kwa muda na anwani. Rufaa haitumwi mahakamani. Inatumwa kwenye ofisi ileile iliyokukataa, ambayo hukagua kama umewahi, kisha huipeleka mbele yenyewe. Kwa posho ya ustawi wa jamii una wiki tatu tangu upate uamuzi. Kwa Försäkringskassan una miezi miwili, na lazima kwanza uombe waupitie tena uamuzi wao, hatua inayoitwa omprövning. Ukiiruka, mahakama haitakusikiliza.

*Anayefaa zaidi.* Kila aliyenyimwa kitu na ofisi ya umma na anaweza kuonyesha jambo ambalo ofisi haikuliona au haikulipima. Kwa kuwa kushindwa hakumgharimu, sababu ya kunyamaza ni ndogo.

Mlango wa tatu: Kronofogden

*Unadai nani.* Mtu au kampuni yenye deni la fedha kwako ambalo unadhani hawatalikana. Kronofogden si mahakama. Ni mamlaka ya kukusanya madeni, na hutoa amri ya malipo, betalningsföreläggande.

*Gharama.* Krona 300, ambazo huongezwa kwenye deni ukifanikiwa.

*Nani anaamua na kwa njia gani.* Afisa, bila kupima ushahidi. Anamtumia mdaiwa barua, na kwa kawaida mdaiwa ana siku 10 za kujibu. Akinyamaza, amri inatoka na ina nguvu kama hukumu. Akikana kwa maandishi, Kronofogden wanasimama hapohapo na kukuuliza kama unataka jambo liende tingsrätt. Ukikubali, unaongeza tofauti ya ada.

*Nguvu ya uamuzi.* Amri ikishatoka, wanaweza kukata mshahara au kukamata mali. Mdaiwa ambaye ni mtu binafsi huandikwa kwenye kumbukumbu za makampuni ya mikopo kwa miaka 3, alama inayomzuia kupata nyumba ya kupanga, simu ya mkataba, hata mkopo mdogo.

Hapa nawageukia wanaoipokea barua hiyo, maana ndiko jamii zetu zinakoumia zaidi. Bahasha ya Kronofogden isiyofunguliwa inageuka kuwa hukumu. Kama hudaiwi, au unadaiwa pungufu ya kilichoandikwa, andika kwamba unapinga na uirudishe kabla ya siku kuisha. Huhitaji wakili. Ukichelewa na amri imetoka, kuna mwezi mmoja wa kuomba irudiwe.

*Anayefaa zaidi.* Mwenye mkopo ulioandikwa, ankara, au ujumbe ambamo mdaiwa mwenyewe amekiri. Ukijua tayari kwamba atakana, ni afadhali uende moja kwa moja tingsrätt.

Mlango wa nne: mabaraza

Nayaweka mawili pamoja kwa kuwa yana tabia moja: mtu hahofii kulipishwa wakili wa mwenzake.

*Unagombana na nani.* Hyresnämnd ni baraza la kodi na nyumba za kupanga, na yapo 8 nchini. Linaamua mwenye nyumba akitaka kukutoa, kodi ikipandishwa kupita kiasi, nyumba isipotengenezwa, au ukinyimwa ruhusa ya kupangisha kwa muda. ARN ni baraza la malalamiko ya walaji dhidi ya makampuni: gari bovu, safari iliyofutwa, bima isiyolipa. Mtu aliyenunua kwa mtu binafsi hana nafasi ARN.

*Gharama.* Hyresnämnd haina ada, na kila upande hubeba gharama zake. Ukishindwa ARN nako hulipi wakili wa kampuni.

*Nani anaamua na kwa njia gani.* Hyresnämnd ina mwenyekiti mwanasheria na wajumbe wawili, mmoja anayeyajua mambo ya wenye nyumba na mmoja ya wapangaji. Mnaitwa, mnasikilizwa, na wanaweza kuja kuikagua nyumba. ARN ni makaratasi matupu. Hakuna shahidi anayesikilizwa. Kesi inayotegemea nani anasema kweli haifai huko.

*Nguvu ya uamuzi.* Tofauti kubwa ndiyo hii. Uamuzi wa hyresnämnd unafunga, na rufaa zinazoruhusiwa huenda hovrätt ya Svea. Uamuzi wa ARN ni pendekezo. Makampuni mengi hulifuata, lakini lisipofuatwa inabidi uende tingsrätt, ukilishika pendekezo hilo mkononi kama hoja nzito.

Kuhusu nyumba kuna mtego mmoja. Amana iliyoshikiliwa si kazi ya hyresnämnd, ni deni, na huenda Kronofogden au tingsrätt. Lakini kama ulipanga kwa mpangaji mwingine, kwa mkono wa pili, kwenye nyumba ya kupanga ya kawaida, na ukatozwa kodi isiyo ya haki, hyresnämnd inaweza kuamuru urudishiwe hadi ya miaka 2 nyuma. Mwenye kumiliki nyumba yake mwenyewe na kukupangisha ana sheria tofauti, na huko marejesho ya nyuma hayapo.

*Anayefaa zaidi.* Mpangaji anayetaka kubaki ndani ya nyumba yake, na mnunuzi mwenye risiti na barua zote.

Mtoto mmoja, milango miwili

Sioni jambo linalochanganya watu kuliko kesi za watoto. Baba na mama wakigombea mtoto aishi na nani, hiyo ni tingsrätt. Tangu Machi 2022, kabla ya kufungua kesi ya namna hiyo, wazazi kwa kawaida wanatakiwa kwanza kuhudhuria mazungumzo ya maelezo ustawi wa jamii na kupata cheti. Lakini ustawi wa jamii wakitaka kumchukua mtoto kwa LVU, sheria ya kuwalea watoto na vijana kwa lazima, hiyo ni förvaltningsrätt. Huko mzazi na mtoto hupewa mawakili wanaolipwa na dola, na mara nyingi watu husikilizwa ana kwa ana. Mtoto akichukuliwa kwa dharura, uamuzi huo lazima ufikishwe mahakamani ndani ya wiki moja, na mahakama iupime ndani ya wiki nyingine. Siku hizo ni chache mno kwa mzazi aliyepigwa na bumbuwazi. Zungumza na wakili siku ileile unayopewa, mpe majina ya walimu, daktari, jirani anayeijua familia. Wakati wa kukata tamaa haujafika pale.

Kazi na malalamiko

Mgogoro na mwajiri una njia yake. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi huwakilishwa na chama, na kesi huenda Arbetsdomstolen, mahakama ya kazi iliyoanza 1929, ambayo ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Asiye mwanachama huanza tingsrätt kwa gharama na hatari yake mwenyewe, na Arbetsdomstolen huwa rufaa yake. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu ahesabu tena kabla ya kuacha kulipa ada ya chama.

Wapo pia wanaomwandikia mchunguzi wa bunge, JO, aliyekuwapo tangu 1809, wakitegemea abadilishe uamuzi. Ana uwezo wa kumkosoa afisa hadharani, na ukosoaji wake unaogopwa, lakini habadilishi uamuzi. Mwandikie, ila usiache muda wa rufaa upite ukimsubiri.

Lugha

Mahakama za matawi yote mawili huweka mkalimani bila malipo unaposikilizwa. Taja Kiswahili chako ni kipi. Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi na cha Dar es Salaam hupishana katika maneno ambayo mahakamani yana uzito, hasa ya nyakati, undugu na fedha. Kama mkalimani hamuelewani, sema mwanzoni, kabla maneno hayajaandikwa. Mtu anayezungumza Kinyarwanda au Kibembe vizuri zaidi aombe lugha hiyo, asikubali Kiswahili kwa adabu tu.

Kwa hali yako

Umemkopesha mtu na una ujumbe wake akikiri: Kronofogden. Anakana, na kiasi ni chini ya mpaka wa kesi ndogo: tingsrätt, mwenyewe bila wakili. Kiasi kinazidi mpaka: piga simu kwenye bima kwanza, kisha pima kama kudai sehemu tu ya deni kunakutosha.

Kampuni imekuuzia kitu kibovu na una karatasi zote: ARN, ukiwa na subira ya miezi. Ukihitaji mashahidi: tingsrätt.

Unatakiwa kuhama na hutaki: hyresnämnd. Barua ya mwenye nyumba huwa imetaja tarehe, ishike hiyo.

Umefukuzwa kazi: chama chako leo, kama unacho. Kama huna, tafuta wakili wiki hiihii, kwa kuwa muda wa kupinga kufukuzwa ni mfupi.

Umekataliwa posho, kibali au uraia: förvaltningsrätt, kupitia ofisi iliyokukataa. Tafuta kwenye ukurasa wa mwisho wa uamuzi, au kiambatisho chake, maelezo yaitwayo överklagandehänvisning, au kwa maneno mepesi "hur man överklagar", yaani namna ya kukata rufaa. Pale wameandika utume wapi, una siku ngapi, na zinahesabiwa kuanzia lini. Kama siku zimebaki mbili, tuma karatasi moja yenye jina lako, namba ya uamuzi, kwamba unaupinga na unataka ubadilishwe vipi, kisha omba nafasi ya kuleta sababu baadaye.